Siki, Asali na Ile Noti ya Juu

Jumatatu, 6 Machi 1978

Daftari hili nimepewa na Royce. Royce Lindqvist ndiye prodyuza wangu, ana miaka ishirini na tisa, ametoka Kalifonia na ndevu zake, na anaamini kwamba mwimbaji wa siku hizi lazima aandike hisia zake kila siku. Nilimwambia hisia zangu niliziimba zote mwaka 1959 na watu wakazinunua. Akacheka kwa adabu. Nadhani hakujua kwamba sitanii.

Haya, hisia za leo: naogopa. Nimepata albamu. Baada ya miaka kumi na moja ya kuimba kwenye kumbi za chakula huko Reno na Tampa, watu wakitafuna nyama mbele ya uso wangu, kampuni moja ya santuri ya New York imekubali nirekodi nyimbo kumi hapa Nashville, nyumbani kwetu. Mwezi wa tano atakuja mkubwa wao, Bwana Garrity, kusikiliza. Akipenda, santuri itatoka Agosti. Asipopenda, narudi kwenye nyama.

Mama, ambaye naishi naye tangu talaka yangu ya pili, alisikiliza habari yote huku akipepeta unga. Kisha akasema, "Vella, acha sigara."

Jumatano, 8 Machi

Siku ya kwanza studio. Nilivaa lile gauni la kijani linalonibana, kwa heshima ya watu. Nikawakuta wote wamevaa jinzi.

Kwenye piano yuko Hollis Beasley, yule yule aliyepiga piano kwenye "Dirisha la Ghorofani", wimbo ulionitoa, tulipokuwa wote vijana. Siku hizi ana kipara na jozi mbili za miwani, moja ya kusomea na nyingine ya kuitafutia ile ya kusomea. Ndiye anayewaongoza wanamuziki wote wa studio. Hakunikumbatia. Alisema, "Vella. Bado unachelewa." Nikasema, "Hollis. Bado unanuna." Tukawa tumesalimiana.

Royce anataka tuanze na wimbo huo huo, tuupige upya kwa mtindo wa taratibu unaopendwa sasa redioni, gitaa laini, piano ya umeme, fidla zikipita nyuma. Sawa. Nilitoa sharti moja tu. Uimbwe pale pale ulipoimbwa mwaka 1959, kwenye ufunguo wa F, si chini ya hapo. Wimbo ule watu wanaujua kwa noti moja ya juu, kwenye neno "ngoja" karibu na mwisho, ambayo zamani niliishika mpaka wapishi wakatoka jikoni kutazama. Nikawaambia, mwimbaji anayeshusha ufunguo anautangazia ulimwengu kwamba amezeeka, na mimi siku nikifika hapo afadhali ninyamaze kabisa. Hakuna aliyenibishia. Hollis alifuta miwani.

Wanamuziki wa Nashville hawasomi noti zenye majina. Wanaandika namba kwenye kikaratasi, moja, nne, tano, basi, na Hollis anawatamkia ufunguo wa kuanzia, wao wanahesabu kutoka hapo. Wimbo upande au ushuke, karatasi inabaki ile ile. Mimi sipigi chombo chochote, kwa hiyo karatasi zile kwangu ni kama bei za sokoni. Nilichofanya ni kuchukua kalamu ya Hollis na kuandika F kubwa juu kabisa, mwenyewe, na kuipigia mstari.

Halafu tukaimba. Nilipofika kwenye "ngoja" sauti ilikatika. Haikupasuka hata, ilikatika, ukabaki upepo. Tukarudia. Upepo. Mpiga dramu akaanza kukaza skrubu ambazo hazikulegea, na Royce akasema kwa upole kwamba leo tumefanya kazi nzuri sana. Maneno hayo nayajua, hata daktari huyasema.

Nililia chooni. Hollis alikuja kugonga mlango.

"Vella, kahawa yako inapoa."

"Iache ipoe."

"Basi nainywa."

Akainywa. Nilimsikia.

Alhamisi, 9 Machi

Mama amenitengenezea dawa ya bibi yake: siki ya tufaha, asali, maji ya moto, asubuhi na jioni. Ina ladha ya adhabu. Sigara nimetupa, isipokuwa moja niliyoificha ndani ya kiatu.

Jumatatu, 13 Machi

Nimeifikia.

Naandika tena ili nijiamini: nimeifikia. Tulianza "Dirisha" saa tano asubuhi, nikafika kwenye "ngoja" nimefumba macho kama mtu anayeruka mtaro, na noti ilikuwa pale. Haikuwa tamu sana, ilitetemeka, lakini ilikuwa pale. Royce alipiga meza. Mpiga dramu alirusha kijiti juu na akakidaka. Hollis peke yake alinyoosha karatasi zake tu. Yule mtu ukimsifia hewa ataiuliza imefanya nini.

Siki. Siki jamani.

Jumanne, 14 Machi

Nimeifikia tena. Nimetoa ile sigara kwenye kiatu nikaitupa.

Jumapili, 19 Machi

Nimempeleka Mama kanisani. Kanisa letu halina kinanda wala gitaa, halijawahi kuwa navyo. Tunaimba kwa midomo tuliyopewa. Ndugu Ozment, kiongozi wa nyimbo, ana kifilimbi kidogo cha duara, anapuliza noti moja, watu wanaishika, tunaanza. Mimi nilikulia pale, sauti ya juu, Mama sauti ya pili chini yangu, bega kwa bega kwenye benchi la nne.

Leo katikati ya wimbo nilihisi kitu. Nikamnong'oneza Mama, "Mbona huu wimbo uko chini hivi?"

"Nyamaza."

"Uko chini, Mama. Zamani ulikuwa juu zaidi."

Akaninong'oneza bila kugeuka, "Anapuliza kifilimbi juu, halafu anaanzia chini yake. Miaka sita sasa. Tungefanyaje, Eula ana miaka themanini."

"Na hakuna anayejua?"

"Wote tunajua. Hakuna anayesema. Kila mtu anadhani anaimba kama zamani, anarudi nyumbani na furaha yake."

Nilicheka mpaka Dada Eula mwenyewe akanigeukia. Kanisa zima limevikwa kilemba cha ukoka na mzee mwenye filimbi. Kwenye gari bado nilikuwa nacheka. Mama alisema mimi mwenyewe sijui ninachokicheka, na akafungua dirisha.

Ijumaa, 24 Machi

Mvua. Tumerekodi mbili mpya. Nimewaletea wote siki kwenye chupa ya soda. Mpiga besi amemwagia ua.

Alhamisi, 30 Machi

Nilikuwa nimemdharau Royce, nasema leo waziwazi. Anakula maziwa ya mgando kwa kijiko na anavaa kandambili kazini, ungemwonaje? Lakini leo nilikuwa naimba wimbo wa tatu kama nilivyozoea, nikirusha sauti mpaka ukuta wa nyuma, kwa sababu huko Reno usiporusha, nyama inashinda. Royce akatoka kwenye kile chumba cha kioo, akaja akakaa sakafuni karibu na miguu yangu.

"Bi Vella, unaimba kwa watu wangapi?"

"Kwa wote waliolipa."

"Huyu wa sasa ni mmoja. Yuko peke yake kwenye gari, anarudi kazini, ameachwa. Wewe umekaa kiti cha pembeni. Ukimpigia kelele atagonga mti."

Nikaimba kwa yule mtu kwenye gari. Nilipomaliza mpiga gitaa alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani amelala, kumbe analia. Ana matatizo na mke wake. Tukamnunulia chakula cha mchana, kuku wa kukaanga, maharage na mkate wa mahindi, na akala vya watu wawili.

Mtoto wa Kalifonia anajua kitu. Kesho nitaonja maziwa yake.

Ijumaa, 31 Machi

Sitaonja tena.

Jumanne, 11 Aprili

"Dirisha" imekamilika, bado nyuzi tu. Amenipigia simu mpangaji wa nyuzi, Bwana Kirchner, mtu makini mwenye sauti ya mwalimu wa hesabu. Yeye ndiye atakayeandika noti za fidla zote. Ametumiwa kaseti na ile karatasi ya namba. Aliniuliza kama ufunguo ni F kweli. Nikamwambia F, Bwana Kirchner, na kama unataka kujua nimewezaje kwa umri huu, andika: siki, asali, maji ya moto. Akasema ameandika. Kisha akauliza tena, F? Nikasema F, na nikakata simu nikiwa na furaha ya siku nzima.

Hollis mpaka leo hajanisifu. Miezi inapita.

Jumatano, 19 Aprili

Leo mbingu ilikuwa ya kijani tangu asubuhi, na saa tisa king'ora cha kimbunga kikalia. Tulikimbilia ghala la chini la studio, watu tisa pamoja na mpishi wa jirani aliyekuja na sufuria yake ili isipeperushwe. Umeme ukakatika. Giza, mvua ikigonga juu kama mizigo inashushwa, na mpiga gitaa akaanza kuhema vibaya kwa sababu hapendi giza.

Sikufikiri. Nilianza tu wimbo mmoja wa kanisani, kutoka popote ulipotoka. Mpiga besi akaingia chini, mpishi akaingia, alikuwa na sauti nzuri kuliko sisi wote, na Royce ambaye hajui wimbo wowote wa kanisani akawa anapiga sufuria kwa kidole. Tuliimba nyimbo kama tano. Hakuna aliyeniomba noti ya juu, na mimi sikuikumbuka. Sijui lini mara ya mwisho nimeimba bila kujisikiliza.

Kimbunga kilipita mbali, kikang'oa bango la duka la magodoro na kuliacha mlangoni kwetu. LALA UNONO, linasema. Umeme uliporudi tulikula kilichokuwa kwenye sufuria. Hollis hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye piano, akabonyeza noti moja, akanitazama, akafunga kifuniko. Nikamuuliza, "Nini?" Akasema, "Naangalia kama imelowa."

Jumapili, 30 Aprili

Nimemwambia Dada Eula kuhusu siki.

Jumatatu, 8 Mei

Joto limeanza. Nyimbo tisa tayari. Garrity anakuja tarehe kumi na saba, siku ya nyuzi, na nimemwomba Mama aje, kwa sababu hajawahi kuniona nikirekodi. Mwaka 1959 alikataa. Alisema mahali pasipo na madirisha si pa Mkristo. Leo alifikiri kidogo akauliza kama wanapewa chakula.

Jumatano, 17 Mei

Naandika mezani jikoni, jua bado liko juu, Mama anakatakata maharage mabichi na hataki kuniangalia kwa sababu ataanza tena kucheka. Nianze mwanzo.

Saa nne walikuja wapiga nyuzi kumi na wanne, wengi wa okestra ya mji, wanawake wenye sweta mabegani kwa sababu studio ina baridi. Bwana Garrity alikaa nyuma ya kioo pamoja na Royce, suti ya kijivu, uso usiosema kitu. Mama alikaa kwenye kona na bati lake la sandwichi za jibini. Bwana Kirchner aligawa karatasi zake, noti za kweli kwenye mistari, safi kama shuka. Mimi nilisimama mahali pa kuuona uso wa Garrity. Nilitaka kuwepo atakapoisikia "ngoja".

Wakaifungulia tepu. Piano ikaanza, gitaa ikaingia, sauti yangu ikaingia, nzuri, naisema mwenyewe. Kisha nyuzi kumi na nne zikaingia.

Mungu anisamehe, sijawahi kusikia kitu kibaya kama kile. Ni kama harusi mbili kwenye ukumbi mmoja. Mama aliweka sandwichi chini. Bwana Kirchner akasimamisha, akasema kwa utulivu, "Tepu yenu inakwenda polepole." Fundi akaikagua, tepu haina neno. Wakarudia. Vile vile, na mara hii niliona Garrity ametazama saa.

"Karatasi imeandikwa F," akasema Bwana Kirchner, akiiinua watu wote waione ile F yangu na mstari wake. "Na Bi Vella mwenyewe aliniambia F, mara mbili. Kweli kaseti niliisikia iko chini kidogo. Lakini redio kaseti yangu ya nyumbani inavuta polepole tangu Krismasi, nikajua ni hiyo."

Mwanamke mmoja wa fidla, kwa nia njema kabisa, akapiga noti moja taratibu akasema, "Tepu iko E. Nusu hatua chini."

Watu wote wakamtazama Hollis. Hollis akaitazama piano.

Nilielewa pale pale, kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu. Siki yote ile. Chupa nilizogawa. Dada Eula anakunywa sasa hivi ninavyoandika. Nilitoka nikaenda korido ya nyuma, kwenye mashine ya soda, na Hollis akanifuata.

"Tangu lini?" nikasema.

"Jumatatu ile ya pili. Niliwaonyesha kwa kidole washuke, nyuma ya mgongo wako. Usiwalaumu, ni kidole changu."

"Miezi miwili umenivika kilemba cha ukoka."

"Nilikusifu lini, Vella?"

Nimepekua daftari hili hivi punde, na ni kweli: hajanisifu hata mara moja, nimelalamika mwenyewe.

"Ungeniambia."

"Ningekwambiaje? Ulisema anayeshusha ufunguo afadhali anyamaze." Alivua miwani akaanza kuifuta. "Sikutaka unyamaze. Nimekungoja miaka kumi na tisa urudi kwenye kile kipaza sauti. Kama ni kushusha piano nzima kwa kamba dirishani, ningeishusha."

Hasira yangu ilikuwa bado imesimama, lakini haikujua tena iende wapi.

"Kwa hiyo siki haikufanya kitu," nikasema.

"Tugawane. Nusu mimi, nusu siki."

Hapo Mama akatokea, ameshika bati lake. Alinitazama, akamtazama Hollis, akampa Hollis sandwichi. Mimi hakunipa.

"Ulicheka sana siku ile kanisani," akasema.

"Mama, sasa si wakati."

"Nasema tu. Ndugu Ozment ametushusha miaka sita na hakuna aliyekufa. Watu wanaimba. Zamani pale juu nusu ya kanisa walikuwa wanafungua midomo tu." Akafunga bati. "Yule baba wa suti anaangalia saa, Vella. Nuna baadaye."

Nikamuuliza Hollis, ile siku ya kimbunga alibonyeza nini kwenye piano. Aliguna. "Ulianza mwenyewe gizani, hakuna aliyekupa noti. Nilitaka kujua ulianzia wapi, nikaupigia mahesabu huu wimbo. Ungekaa D." Kisha, kwa kuwa alikuwa na jibini mdomoni na hakuweza kuninunia vizuri, akasema, "Na siku ile uliimba kuliko siku zote nilizokujua."

Hiyo ndiyo sifa yangu ya kwanza kutoka kwa Hollis Beasley. Nimeiandika na tarehe yake.

Nilirudi ndani. Moyo ulikuwa unadunda mpaka niliona aibu, nikadhani maiki zitaunasa. Nikasimama mbele ya wote na kusema, kwa sauti ya Reno, ili nyuma ya kioo wasikie, "Jamani, kosa la F ni langu. Bwana Kirchner, iandike upya hii. Usiandike E. Andika D. Piano, nyuzi na mimi, wote kwa pamoja, ile tepu tuiache."

"D?" akasema Bwana Kirchner. "Bi Vella, ni D kweli?"

"Safari hii uliza watu wote."

Wakacheka, na kile kicheko kilituokoa. Penseli zikatoka kwenye mikoba. Wapiga fidla wa okestra, watu wenye vyeti, waliinama kwenye karatasi zao wakifuta na kuandika kama watoto wa mtihani, na noti zilizokuwa chini mno kwa fidla ndogo zikahamishiwa kwa zile kubwa. Wakawa wanagawana kwa sauti, chukua wewe hii, hapana hii mimi siifikii, mpe Lorna. Mama alizunguka na sandwichi. Garrity alitoka nyuma ya kioo, akasimama mlangoni, mikono mifukoni. Nilidhani anaondoka.

Hollis alikaa. Safari hii aligeuka akanitazama mimi, akaonyesha ufunguo kwa vidole hewani, mbele yangu, si nyuma ya mgongo.

Tukaimba. Niliimba kwa yule mtu kwenye gari, kama Royce alivyonifundisha, na gari lilikuwa linakwenda taratibu. Nilipokaribia "ngoja" nilikaza shingo kwa mazoea, nikakuta hakuna cha kukazia. Noti ilikuwa pale mbele yangu, kimo cha mtu. Sikuipigia kelele. Niliikalia. Ilikuwa na uzito ambao mwaka 1959 sikuwa nao. Wakati ule niliimba "ngoja" kama msichana anayejua kwamba atangojwa. Leo niliiomba. Nyuzi zilikuja chini yangu zikanibeba, na nilipoiachia, niliiachia kwa hiari yangu, si kwa sababu pumzi imekwisha.

Piano ikafifia. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba mikono yangu haikujua ikae wapi.

Royce akauliza kwenye spika, "Turudie moja ya akiba?"

Bwana Garrity, pale mlangoni, akasema, "Ya nini?"

Akamwomba Mama sandwichi.

Ijumaa, 19 Mei

Simu kutoka New York. Agosti. "Dirisha" itatangulia redioni, ile ya D. Nimempigia Hollis kumwambia. Akasema, "Sawa." Nikasubiri. Akasema, "Usichelewe Jumatatu." Nampenda yule mtu, ananichosha.

Jumatatu, 22 Mei

Tumerudia nyimbo nne zilizobaki zikinibana, kila moja mahali pake. Kabla ya kila wimbo Hollis ananiuliza ufunguo mbele ya watu, na mimi ndiye ninayetamka. Kidole chake kimestaafu.

Alhamisi, 8 Juni

Tumemaliza. Royce anarudi Kalifonia. Amenikumbatia akiwa na kandambili zake, nikalia kwenye ndevu. Nimempa chupa ya siki. Ananiuliza kama naendelea kuandika hisia. Nikamwambia kidogo.

Jumamosi, 22 Julai

Nilikuwa saluni, kichwa kiko ndani ya ile kofia ya moto ya kukaushia nywele, sisikii kitu, nikaona tu wanawake wote wamegeukia redio na msusi amesimamisha kitana hewani. Nikatoa kichwa. Ilikuwa "ngoja", karibu na mwisho. Msusi akasema, "Huyu dada ana sauti kama mtu aliyekaa nawe jikoni. Ni nani?"

Nikasema, "Malizia nywele kwanza."

Jumanne, 15 Agosti

Imetoka. Kwenye picha nimevaa jinzi. Mama anasema nimependeza lakini ningesimama wima.

Jumapili, 20 Agosti

Kanisani, benchi la nne. Feni za karatasi, joto, Dada Eula mbele yetu mwenye afya njema. Anasema ni siki, na mimi sina moyo wa kumrekebisha.

Ndugu Ozment alipuliza kifilimbi juu, kwa fahari, kisha akaanzia chini yake kama kawaida yake. Leo nilisikia kila kitu. Nilisikia wazee wakiingia bila woga, na watu wa nyuma, na mwanamume mmoja ambaye sijawahi kumsikia akiimba. Nilitaka kumkumbatia yule mzee na filimbi yake.

Mimi sikupanda kwenye sauti ya juu. Niliiacha kwa wasichana, wapo wengi na wana pumzi. Nilishuka kwenye sauti ya pili, nikatua pale bila kutafuta, na nikasikia sauti nyingine iko hapo hapo, kavu kidogo, imekaa miaka mingi.

Kiwiko kikanigusa ubavuni.

"Vella," akanong'ona Mama, "hapo ni kwangu."

"Sogea kidogo, Mama. Tutabanana."

Akasogea.